Uingereza kutokuwa na katiba ya kitabu kimoja siyo sababu ya sisi kuacha ya kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nijibu hoja moja ambayo imeshakuwa kama wimbo. Siku hizi ukikaa kijiwe chochote cha kahawa hapa Dodoma, iwe Majengo, iwe Sabasaba, iwe huku kwetu Nkuhungu, maongezi yakigusa tu katiba mpya lazima atatokea mtu, na mara nyingi ni mtu aliyesoma, atakwambia nyie mnahangaika na katiba ya nini, mbona Waingereza hawana katiba iliyoandikwa na nchi yao inaenda vizuri tu. Basi hapo watu wanakuwa wapole, kwa sababu nani pale kijiweni ana majibu ya mambo ya London? Hoja inapita hivihivi, kesho unaisikia redioni, keshokutwa kwenye daladala. Mi naona ipewe jibu, tena jibu lenyewe litoke hukohuko Uingereza, maana anayeitoa ama hajafuatilia kinachoendelea kule, ama anafuatilia na anategemea sisi hatufuatilii.

Kwanza siyo kweli kwamba hawana katiba. Wanayo, ila haijakusanywa sehemu moja kama yetu ya 1977. Kipande kiko kwenye Magna Carta ya 1215, ile hati ya mfalme kukubali madaraka yake yawe na mipaka, kipande kwenye sheria ya 1689 iliyomzuia mfalme kutoza kodi na kusimamisha sheria bila ridhaa ya Bunge, kipande kwenye sheria ya 1701 ya nani arithi ufalme, kingine kwenye muungano wao na Scotland wa 1707, halafu kuna sheria za 1911 na 1949 zilizowapunguzia malodi, yaani wajumbe wasiochaguliwa wa nyumba ya pili ya Bunge lao, nguvu ya kuzuia miswada, kuna Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, kuna ya 2005 iliyoleta Mahakama ya Juu ambayo ilianza kazi Oktoba 2009, kabla ya hapo majaji wa rufaa ya mwisho walikuwa wanakaa ndani ya Baraza la Malodi, yaani mtunga sheria na mwamuzi wa mwisho wako nyumba moja. Ukimaliza sheria ndo unakuja kwenye mazoea, na hayo ndo yamebeba sehemu kubwa ya mzigo: mfalme akubali kila muswada uliopitishwa (mara ya mwisho kukataa ilikuwa 1708 enzi za Malkia Anne), amteue kuwa waziri mkuu yule anayeungwa mkono na wabunge walio wengi, waziri akilidanganya Bunge makusudi ajiuzulu mwenyewe. Mazoea hayo ukiyavunja hakuna wa kukukamata. Profesa Peter Hennessy, mwanahistoria wao wa mambo ya serikali, ameeleza mara nyingi kwamba mfumo mzima umesimama kwenye imani kwamba wanaoshika madaraka watakuwa waungwana wanaojua wenyewe mpaka wao unaishia wapi.

Kitu ambacho kweli hawana ni sheria mama iliyo juu ya Bunge. Kwetu ibara ya 64(5) inasema sheria yoyote ikipingana na Katiba basi ni batili kwa kiasi inachopingana. Kwao jaji hana uwezo wa kufuta sheria ya Bunge, chini ya ile sheria ya 1998 anachoweza ni kutamka kwamba sheria fulani haipatani na haki za binadamu, halafu Bunge ndo liamue kama litairekebisha au litaiacha ilivyo. Sasa hilo limewasumbua wao wenyewe miaka mingi. Mwaka 1976 Lord Hailsham, ambaye alikuwa mtu wa chama cha Conservative damudamu wala siyo mwanaharakati, alitoa hotuba akaonya kwamba nchi inaelekea kwenye udikteta wa kuchaguliwa, kwamba serikali ikishapata wabunge wengi hakuna tena cha kuizuia. Mwaka 1988 raia wao wakaanzisha Charter 88 kudai katiba iliyoandikwa, na madai hayo hayajafa mpaka leo. Kwa hiyo mtu akikwambia Waingereza wameridhika na hali yao, muulize Waingereza gani.

Naomba hapa nikae kidogo kwenye mwaka 2019 kwa sababu ndo mwaka ambao mambo yote yalionekana wazi. Walikuwa wameshapiga kura ya maoni tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 wakataka kutoka Umoja wa Ulaya, serikali na Bunge wakashindwa kuelewana namna ya kutoka, na siku ya mwisho waliyopangiwa ilikuwa 31 Oktoba 2019. Waziri mkuu Boris Johnson akamshauri Malkia Elizabeth aahirishe Bunge karibu wiki tano, kuanzia Septemba mpaka tarehe 14 Oktoba. Kwa mazoea yao malkia hakatai ushauri wa waziri mkuu, kwa hiyo akakubali, Bunge likafungwa katikati ya mjadala mkubwa kuliko yote ya kizazi kile, na hakuna mstari wowote popote ulioandikwa kwamba waziri mkuu anaruhusiwa kulifunga Bunge kwa muda gani na kwa sababu ipi. Watu wakaenda mahakamani, Gina Miller upande wa England, mbunge Joanna Cherry na wenzake upande wa Scotland. Mahakama ya Edinburgh ikasema ushauri ule haukuwa halali, ya London ikasema hilo ni suala la siasa mahakama isiliguse, yaani majaji wenyewe wa nchi moja ndani ya mwezi mmoja wanatofautiana kabisa kuhusu jambo la msingi namna hiyo. Ikabidi Mahakama ya Juu ikae majaji 11, na tarehe 24 Septemba Lady Hale akasoma hukumu ya wote 11 kwa kauli moja kwamba ushauri ule haukuwa halali, kuahirishwa kwa Bunge ni batili, ni kama hakukutokea. Kesho yake wabunge wakarudi ukumbini.

Wapenda mfumo wa mazoea wanaitumia kesi hii kusema umeona, mfumo umejisahihisha wenyewe. Mi nasoma tofauti. Uhuru wa Bunge la nchi kubwa ulining'inia kwenye kesi ambayo wanasheria wenyewe hawakuwa na uhakika nani atashinda, na baada ya hukumu wapo wanasiasa waliosema majaji wamevuka mpaka. Na kweli, mpaka utaujuaje kama haujaandikwa? Kingekuwepo kifungu cha mistari miwili kinachosema Bunge haliahirishwi zaidi ya siku kadhaa bila kura ya wabunge, ile kesi isingekuwa na haja ya kufika kote kule.

Mwezi uliofuata likatokea jingine ambalo halikupata kelele sana lakini kwangu ndo zito zaidi. Mwaka 2011 walikuwa wametunga sheria kwamba uchaguzi uwe kila baada ya miaka mitano, na ukitaka kuuwahisha bila serikali kupigiwa kura ya kutokuwa na imani lazima theluthi mbili ya wabunge wote wakubali, yaani 434 kati ya 650. Ilitungwa makusudi ili waziri mkuu asiwe anachagua tarehe ya uchaguzi anayoona inamfaa yeye. Johnson akaomba uchaguzi, akakosa theluthi mbili, akaomba tena akakosa, akaomba tena akakosa. Akafanya nini? Akapeleka muswada mfupi unaosema uchaguzi utakuwa tarehe 12 Desemba 2019 bila kujali ile sheria, muswada wa kawaida unaotaka kura nyingi tu siyo theluthi mbili, ukapita, uchaguzi ukafanyika. Na sheria yenyewe ya 2011 ikaja kufutwa kabisa 2022. Hakuna aliyevunja sheria hapo, ndo utaratibu wao, Bunge la leo halifungwi na Bunge la jana. Fikiria sasa utaratibu huo uwe wa kwetu. Fikiria ibara ya 98 inayotaka theluthi mbili ya wabunge wote ili Katiba ibadilishwe, na kwa mambo ya Muungano theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, fikiria serikali ikiikosa inaleta tu muswada mwingine jioni unaosema kwa leo tusiihesabu ile ibara. Anayetupigia mfano wa Uingereza anatuambia tuishi hivyo.

Kuna na hili la Scotland, ambalo Watanzania wenye Muungano tungelisoma vizuri. Tangu Scotland ipate Bunge lake 1999 kulikuwa na mazoea kwamba Bunge la London halitatunga sheria kwenye mambo ya Scotland bila Scotland kukubali. Mwaka 2016 wakaamua kuyaandika kwenye sheria, lakini wakaandika kwamba London "kwa kawaida" haitafanya hivyo. Kilipofika kishindo cha kutoka Ulaya, Januari 2017 Mahakama ya Juu ikasema hata hapo palipoandikwa bado ni mazoea ya kisiasa, majaji hawawezi kumlazimisha mtu kuyafuata. Kwa hiyo hata kuandika kwenyewe kuna kuandika na kuandika. Sisi tulianza Muungano 1964 na mambo 11, leo nyongeza ya kwanza ya Katiba ina mambo 22, na kila kizazi cha Wazanzibari kinauliza yaliongezekaje na nani aliulizwa. Kama na yale 11 yangekuwa ya kuambizana tu kwa mdomo sijui leo tungekuwa tunaongea nini.

Halafu tabia ya "kwa muda". Mwaka 1999 Waingereza waliwatoa malodi wengi wa kurithi bungeni, wale ambao mtu anakuwa mtunga sheria kwa sababu babu yake alikuwa lodi, wakabakiza 92 kwa muda mpaka mageuzi yakamilike. Imepita miaka 25 ndo serikali iliyoingia 2024 ikapeleka muswada wa kuwaondoa na hao waliobaki. Huo ugonjwa tunaujua, Katiba yetu ya Muda ya 1965 ilikaa miaka 12.

Sasa Mhariri nije nyumbani. Mi nina steshonari, na ukiacha fotokopi na picha za pasipoti, kazi inayoniletea watu wengi ni kuchapa katiba za vikundi. Kina mama wa VICOBA, vijana wa bodaboda, wafugaji wa kuku, wote wanajua ukitaka kusajili kikundi upate mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, lazima upeleke katiba. Wanakuja watano sita, wanabanana kwenye benchi, wananisomea kutoka kwenye daftari huku wanabishana. Na hawabishani kuhusu jina wala malengo, hayo yanaisha dakika mbili. Wanabishana kuhusu sanduku. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti na anayetunza sanduku nyumbani kwake haruhusiwi kuwa na ufunguo hata mmoja, sasa hapo ndo moto: je mwenye ufunguo akiwa ndugu wa mtunza sanduku? Akisafiri nani ashike? Mwenyekiti akikataa kuitisha mkutano, wanachama wangapi wanatosha kuuitisha bila yeye? Kuna kikundi kimoja binti mmoja alisema haya mambo ya kusema sana ya nini na sisi tunaaminiana, mama mmoja mtu mzima akanigeukia mi wala siyo yeye, akasema "mwanangu we andika, leo tunapendana ndo wakati wake wa kuandika, tukishagombana hatutakubaliana hata tarehe." Nikaandika. Huyo mama sidhani kama amewahi kukanyaga darasa la sheria lakini amesema kitu ambacho Uingereza walikiona 2019, kwamba ukisubiri mpaka ugomvi ufike ndo utafute utaratibu, kila upande utaleta utaratibu unaoufaa wenyewe.

Na sisi watu wa Dodoma tuna sababu yetu ya pekee ya kuchukia ahadi isiyo na maandishi. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya nchi yahamie hapa. Mimi nimezaliwa nimekuta hiyo ni habari ya zamani. Nimekua nasoma kwenye vitabu vya shule kwamba makao makuu ni Dodoma huku wizara ziko Dar, balozi ziko Dar, mawaziri wanakuja na mabegi wakati wa Bunge, kikao kikiisha msururu wa magari unaelekea mashariki na mji unabaki na vumbi lake. Serikali zilipita, kila moja ilisema tutahamia, na hakuna aliyekuwa anaweza kwenda popote kudai kwa sababu kulikuwa hakuna sheria ya Bunge ya kuishikilia, lilikuwa tamko. Marehemu Rais Magufuli alipotangaza 2016 kwamba anahama kweli watu wengi hapa waliogopa kufurahi, wakasema na huyu akiondoka je. Ndo maana 2018 Bunge lilipopitisha sheria ya kuitangaza Dodoma makao makuu mi niliiona ina uzito kuliko hata majengo ya mji wa serikali kule Mtumba. Jengo linaweza kugeuzwa chuo. Ila sheria ikishakuwepo, anayetaka kurudisha makao makuu Dar lazima aje bungeni, asimame, aseme kwa nini, na apigiwe kura mbele ya watu. Miaka 45 kutoka tamko mpaka sheria. Wazee wetu wa Kigogo waliohamishwa kwenye mashamba yao kupisha mji, wengine kwa ahadi za mdomo tu kutoka kwa maafisa waliokuja wakahamishwa vituo wakaja wengine wasiojua kilichoahidiwa, walizeeka katikati ya miaka hiyo. Baba yangu ni mmojawapo. Alikuwa anaweza kukutajia jina la afisa, aina ya gari alilokuja nalo, mti waliokaa chini yake na maneno aliyoambiwa, na kwenye kila ofisi aliyokwenda swali lilikuwa moja tu, mzee una karatasi?

Ndo maana nikisikia mtu anasema mazoea yanatosha damu inachemka kidogo, wasomaji mnisamehe.

Lazima nikubali upande wa pili una hoja ambazo siyo za kupuuza. Kitabu chenyewe hakilindi watu. Katiba yetu ya 1977 imeandikwa na imefanyiwa mabadiliko mara 14 mpaka 2005, haki za binadamu ziliingizwa 1984 tu baada ya kukosekana tangu uhuru, na ndani yake kuna ibara ya 41(7) inayosema Tume ikishatangaza Rais hakuna mahakama yoyote ya kuuchunguza uchaguzi wake. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, bado ipo. Yaani Uingereza bila kitabu raia alimpeleka waziri mkuu mahakamani na kumshinda, sisi na kitabu chetu kuna mlango umepigwa kufuli kwa maandishi. Nalikubali hilo na linaniuma. Lakini tunajua kufuli iko wapi, ibara ipi, kifungu kipi, mtoto wa sekondari anaweza kukuonyesha kwa kidole, na kikishaonyeshwa kinaweza kudaiwa kibadilishwe. Na wanaosema katiba iliyoandikwa inagandisha nchi wanatoa mfano wa Marekani, kwamba haki ya kumiliki silaha iliyowekwa 1791 inawatesa mpaka leo, na wamefanya mabadiliko 27 tu kwa zaidi ya miaka 230. Sawa, basi somo hapo ni kuangalia vizuri unaandika nini na mlango wa kurekebisha uuweke mgumu kiasi gani. New Zealand nao hawana kitabu kimoja, lakini walipotaka kubadilisha mfumo wa uchaguzi waliwarudia wananchi kwa kura ya maoni, 1992 na tena 1993. Israeli waliamua 1950 kwamba wataandika katiba yao sura kwa sura taratibu, hawajamaliza, na 2023 nchi ilijaa maandamano miezi na miezi kuhusu mipaka ya mahakama, mpaka tarehe 1 Januari 2024 Mahakama yao ya Juu ikafuta sheria mojawapo kwa majaji 8 dhidi ya 7. Jaji mmoja tu angegeuka.

Kuna jambo ambalo sijaliona likiandikwa kwenye magazeti yetu. Mwaka 2014, wakati Bunge Maalum la Katiba linakaa hapa Dodoma, Bunge la Uingereza nalo lilikuwa na kamati yake ya mageuzi ya kisiasa na katiba, chini ya mbunge Graham Allen, na Julai ya mwaka huohuo ikatoa ripoti yenye njia tatu: kwanza kuyakusanya mazoea na sheria zote kwenye andiko moja lisilo na nguvu ya kisheria, pili kuziunganisha sheria zilizopo kuwa sheria moja, tatu kuandika katiba kamili. Waliwaomba wananchi maoni. Halafu ukaja uchaguzi wa Mei 2015, Bunge jipya halikuiendeleza hiyo kamati, jambo likalala. Na sisi? Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi, ikatoa rasimu ya kwanza Juni 2013 na ya pili Desemba 2013, Bunge Maalum likaanza Februari 2014, nyumba za wageni hapa mjini zilijaa mpaka watu walipangisha vyumba vya watoto wao, tukasikia ubishi wa posho, ubishi wa kura ya siri au ya wazi, ubishi wa serikali mbili au tatu, tarehe 16 Aprili UKAWA, ule umoja wa wapinzani, wakatoka ukumbini, waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba, ikakabidhiwa kwa Rais Kikwete uwanja wa Jamhuri tarehe 8 Oktoba. Kura ya maoni ilipangwa 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haukukamilika, na haijapangiwa siku nyingine mpaka leo. Nchi mbili, miezi ileile, mambo yote mawili yakalala 2015. Tofauti ni kwamba wao walilala na ripoti ya kamati, sisi tulilala na maoni ya wananchi wenyewe yaliyokusanywa vijijini kwa fedha zetu.

Miezi ile steshonari yangu ilikuwa haipumui. Watu walikuwa wanakuja kutoa kopi ya rasimu, na wengi hawakuwa na hela ya kitabu chote kwa hiyo wanataka kurasa zao. Dereva wa lori alitaka ukurasa wa Muungano tu. Mwalimu mstaafu alitaka ile sehemu ya mbunge kuwa na ukomo wa mihula mitatu na wananchi kuweza kumwondoa kabla ya muda. Muuza nyanya wa soko la Majengo alikuja na shilingi zake mkononi zimekunjwa, akataka sehemu inayohusu haki za wanawake, nikamtolea, akaniomba nimpigie mstari kwa kalamu nyekundu kwa sababu alikuwa anaenda nayo kwa shemeji zake. Watu hawa hawakuwa wanasoma katiba kama mtihani. Kila mmoja alikuwa na jambo lake nyumbani au kazini alilokuwa anataka likae kwenye karatasi ya nchi. Halafu ile rasimu ya pili ilipoingia bungeni ikatoka nyingine, ukomo wa wabunge haupo, serikali tatu hazipo, na hao watu hawakuja kuulizwa tena. Tume ile ilikuwa pia imependekeza mawaziri wasiwe wabunge. Iwe unaunga mkono au unapinga, hayo yalikuwa mambo ya kupigiwa kura na watu wazima wenye akili timamu na kura hiyo tunaidai.

Oktoba 2022 kikosi kazi cha Profesa Mukandala cha kuratibu maoni kuhusu demokrasia ya vyama vingi kilimkabidhi Rais Samia ripoti yenye pendekezo la kuufufua mchakato. Rais mwenyewe alikuwa makamu mwenyekiti wa lile Bunge Maalum chini ya marehemu Samuel Sitta, alikaa pale mbele siku hizo zote, anajua nini kilikubaliwa na nini kilisukumwa, kwa hiyo hatuombi kwa mtu mgeni wa jambo hili. Tunaomba lirudi na ratiba yenye tarehe, na ratiba hiyo iwekwe kwenye sheria ya Bunge siyo kwenye hotuba. Tunaomba ianzie kwenye rasimu ya pili, wananchi waonyeshwe wapi na kwa nini Bunge Maalum liliibadilisha, kisha tupige kura. Na yale mazoea yetu wenyewe tunayoyategemea bila maandishi, mfano huu utamaduni mzuri wa Rais kupishana kati ya dini kubwa mbili, au kwamba Rais akikaribia kumaliza mihula miwili hasukumi watu wamwongezee, tuyajadili wazi kama yabaki kuwa mazoea au yapi yaongezewe ulinzi. Ukomo wenyewe wa mihula umeandikwa, ibara ya 40, na hilo peke yake limetusaidia kuliko nchi nyingi za jirani.

Kwako wewe Mhariri nina ombi moja la kazi. Vile vitabu vya Rasimu ya Pili na Katiba Inayopendekezwa saivi havionekani mtaani, vijana wanaofika miaka 18 mwaka huu walikuwa watoto wa chekechea wakati ule na hawajawahi kuvishika. Gazeti lenu linaingia mpaka Mpwapwa, Kongwa, Bahi. Tengeni nusu ukurasa kila Jumamosi, upande wa kushoto muweke ibara ya rasimu ya Warioba, upande wa kulia ibara hiyohiyo ilivyotoka bungeni, bila maoni yenu, wasomaji wafanye kazi ya kulinganisha wenyewe. Anzeni na ile sura ya wabunge. Mi nitayabandika ukutani dukani kwangu kila wiki, na nawajua wenye steshonari wengine hapa mjini watakaofanya hivyohivyo.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma